Rumanyika wa Karagwe: Mfalme aliyeshika nchi kwa vazi na ngoma

Na Mwandishi Wetu, Murongo

MURONGO, mji mdogo wa mpakani katika wilaya ya Kyerwa, mkoani Kagera, hujulikana zaidi kwa daraja lake. Ng'ambo ya mto Kagera ni Kikagati, nchini Uganda, na watu wa pande hizi mbili wamekuwa wakiuziana ndizi, kahawa na mifugo kizazi hata kizazi. Katika pembe hii ya nchi zipo hifadhi mbili za taifa, Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe, zilizopandishwa hadhi kutoka mapori ya akiba mwaka 2019. Jina la kwanza ni la mahali. La pili ni la mtu, tena mtu ambaye enzi zake jina lake lilitajwa kutoka Unguja hadi London, ingawa leo vijana wengi wanaopita barabara hii hulijua kama jina la pori tu.

Rumanyika Orugundu alikuwa Omukama wa Karagwe kwa zaidi ya miaka 20, kuanzia miaka ya 1850. Nchi yake ilikumbatiwa na mto Kagera upande wa magharibi na kaskazini, na upande wa kusini ilipakana na Usui. Murongo ya leo ilikuwa pembe yake ya kaskazini, na hadi mwaka 2012, Kyerwa ilipofanywa wilaya ya peke yake, eneo hili liliendelea kuitwa Karagwe. Makao ya mfalme yalikuwa Bweranyange, mlimani, juu ya ziwa dogo lenye maji matulivu.

Vitabu vya shule humtaja Rumanyika kwa mstari mmoja au miwili, kama mwenyeji wa wazungu waliokuwa wakitafuta chanzo cha mto Nile. Makala haya yanamtazama kwa jicho jingine. Katika tamthilia yupo mtu anayeitwa mbunifu wa mavazi ya jukwaani. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba mtazamaji anamtambua mfalme, mwendawazimu au mganga kabla mhusika hajafumbua kinywa. Karagwe haikuwa na ukumbi wenye pazia, wala haikuwahi kuuhitaji. Ilikuwa na ua wa kifalme, ngoma, mwezi mwandamo na mtu mmoja mrefu aliyefahamu vyema kwamba anatazamwa. Kwa maoni ya mwandishi huyu, ni vigumu kumpata katika historia ya nchi yetu mtu aliyeitumia elimu ya vazi kwa umahiri kumzidi yeye, na alifanya hivyo kwa sababu maisha yake yalitegemea jambo hilo.

Wafalme wa Karagwe walikuwa wa ukoo wa Bahinda, wanaojihesabu kuwa wazao wa Ruhinda. Baba yake Rumanyika aliitwa Ndagara. Alipofariki, inaelezwa kuwa mwili wake ulishonwa ndani ya ngozi ya ng'ombe kama ilivyokuwa desturi, ukawekwa ziwani kwa siku kadhaa, kisha ukapelekwa mlimani kuzikwa. Hata maiti ya mfalme ilikuwa na vazi lake, na vazi hilo lilikuwa la mali iliyoheshimiwa kuliko zote katika nchi ya wafugaji.

Waliosalia walikuwa wana watatu wenye madai juu ya kiti: Rumanyika, Nnanaji na Rogero. Kisa alichosimulia Rumanyika mwenyewe kwa wageni wake ni kwamba wazee wa baraza waliweka mbele yao ngoma ndogo. Ngoma ile kwa uzito wake ilikuwa kama unyoya, lakini ilisheheni dawa. Ndugu zake walijaribu kuinyanyua wakashindwa. Yeye aliinyanyua kwa kidole kidogo. Ulikuwapo pia mtihani wa pili: mteule aliketishwa mahali maalumu, na ardhi chini yake ilisemekana kupanda hadi mbinguni, ambako mizimu ingemkubali na kumshusha polepole, au ingemkataa na kumwacha aanguke. Rumanyika alishuka salama.

Msomaji anaweza kulicheka simulizi hilo. Lakini afikirie kilichotendeka hasa. Warithi watatu, baraza zima linatazama, kifaa kimoja kidogo katikati, na kitendo kimoja cha kidole kinachoamua nani ni mfalme. Wanaoandaa tamthilia hulipa fedha nyingi kupata onyesho la namna hiyo.

Rogero hakukubali. Alikusanya wafuasi na kumzingira ndugu yake, na vita vikaelekea kumwendea Rumanyika vibaya. Aliyemwokoa alikuwa mfanyabiashara wa Kihindi aliyeishi Kaze, yaani Tabora ya leo, aliyejulikana kwa jina la Musa Mzuri. Kwa mujibu wa masimulizi ya wasafiri wa wakati ule, Musa alitoa pembe za ndovu kwa Kabaka Suna wa Buganda ili atume jeshi, na jeshi hilo likamfukuza Rogero. Kwa hiyo kiti cha Rumanyika kilisimama juu ya miguu miwili isiyolingana: ngoma aliyoinyanyua kwa kidole na pembe zilizolipwa na mgeni. Ule mguu wa pili ndio uliomtia wasiwasi. Rogero alibaki hai, si mbali, akiwa na watu wake. Mfalme aliyeingia kwa msaada wa jirani mwenye nguvu na tajiri kutoka nje alihitaji kuwaonyesha watu wake, tena na tena, kwamba yeye ndiye mwenye haki.

Jibu lake lilionekana mwilini mwake. Tarehe 25 Novemba 1861, Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika Bweranyange wakiwa na msafara ulioanzia pwani mkabala na Unguja. Walikuwa wamechoka na kunyonywa. Kule Usui, Mtemi Suwarora na watu wake walikuwa wamewatoza hongo hadi mizigo ikapungua. Walipovuka mpaka wa Karagwe mambo yalibadilika ghafla. Maofisa wa Rumanyika waliwapokea, wakawaambia kwamba mfalme hatozi hongo na kwamba chakula cha njiani kitatolewa kwa gharama yake. Pazia lilikwisha kufunguliwa kabla hawajamwona mwenyewe.

Walipoingia walimkuta ameketi amekunja miguu, akiwa na ndugu yake Nnanaji. Rumanyika alikuwa amejifunika joho jeusi la Kiarabu. Miguuni alivaa soksi za shanga za rangi nyingi, na kwenye vifundo vya mikono alikuwa na bangili za shaba zilizofuliwa kwa ustadi. Nnanaji, ambaye alikuwa mganga mwenye sifa, alijifunga nguo ya mirabaraba na kujitundika hirizi mwili mzima. Kando yao zililala kiko kubwa za udongo mweusi. Nyuma, kimya kabisa, waliketi wana wa mfalme, wamevaa ngozi kiunoni na vihirizi vidogo chini ya kidevu. Kisha mfalme akawasalimu wageni kwa Kiswahili fasaha.

Picha hiyo inastahili kutazamwa kwa utulivu, maana hakuna kitu ndani yake kilichowekwa kwa bahati. Wana wa mfalme wako katika ngozi, vazi la nyumbani la wafugaji. Mganga amebeba uganga wake juu ya mwili. Mfalme peke yake ndiye anayevaa dunia nzima. Joho lilitoka kwa Waarabu wa pwani. Shanga zilisafirishwa baharini hadi Unguja, na nyingi za aina zilizopendwa bara zilitengenezwa Venice, nchini Italia. Shaba ilipita mikononi mwa wafanyabiashara wa masafa marefu kabla ya kufuliwa na wahunzi. Na lugha ya salamu ilikuwa lugha ya misafara. Mgeni aliyeelewa alisoma ujumbe mara moja: kila njia ya biashara hupita hapa, na mwenye njia ni mimi.

Haikuwa majivuno matupu. Karagwe ilikuwa mlango wa kuingilia Buganda kwa misafara iliyotoka Tabora. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili walikuwa na kituo chao Kafuro, umbali mfupi kutoka ikulu. Huko zilifika merikani, ile nguo ya pamba isiyotiwa rangi iliyopata jina kwa kutoka Marekani, pamoja na kaniki, shanga nyekundu za sam-sam, nyaya za shaba na bunduki. Kutoka bara zilishuka pembe za ndovu na, kwa masikitiko, watu. Rumanyika aliwaweka wafanyabiashara karibu kiasi cha kuwafaidi, lakini nje ya ua wake. Nguo za kigeni zilikuwa mali ya kisiasa, na aliyezigawa ndiye aliyejulikana kuwa mfalme.

Wananchi wa kawaida walivaa ngozi, na katika ukanda huu wote wa magharibi ya ziwa Viktoria yalitumika pia mavazi ya gome la mti, maarufu kama lubugo. Gome hubanduliwa kutoka mti wa jamii ya mkuyu, likapondwa kwa nyundo za mbao zenye michirizi hadi likawa laini na pana, lenye rangi ya udongo mwekundu. Mti haufi, hufungwa majani ya mgomba penye jeraha na gome huota tena. Mwaka 2005 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) liliutambua ufundi huo, kama unavyoendelezwa Uganda, kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi wa binadamu. Kagera tuna urithi uo huo, ingawa tumeupigia debe kwa sauti ndogo mno.

Vazi la Rumanyika lililobaki kuwa la pekee, hata hivyo, si lile joho. Ni lile la mwezi mwandamo.

Kila mwezi ulipoandama, palifanyika mkutano wa ikulu ambao kusudi lake halikufichwa: kuwahesabu waaminifu. Speke alishuhudia mmoja. Mlangoni mwa ua ilisimikwa pembe ya mnyama iliyojazwa dawa. Ndani zilipangwa ngoma 35 ardhini, na nyuma ya kila ngoma alisimama mpigaji akisubiri. Mfalme alikuwa ameketi ndani ya kibanda cha mbele. Kichwani alivaa taji la shanga. Juu ya paji la uso lilisimama shada la manyoya mekundu. Na chini ya kidevu zilining'inia ndevu kubwa nyeupe, zilizoshikizwa kwenye mkanda wa shanga.

Ndevu zile zilikuwa za bandia, na kila aliyekuwapo alilijua hilo. Hapakuwa na nia ya kumdanganya mtu. Mfalme aliyezivaa hakuwa tena Rumanyika, ndugu yake Rogero, rafiki yake Musa. Alikuwa mzee kuliko wazee wote waliokuwa mbele yake. Ndevu za namna hiyo hazikuwa za Karagwe pekee. Wafalme wa Bunyoro na Toro, ng'ambo ya mto, nao walivaa mataji yenye ndevu za manyoya ya mbega, na falme hizi zote zilishirikiana masimulizi ya Bachwezi, watawala wa kale wanaosemekana kutoweka. Kwa hiyo aliyevaa ndevu alivaa pia nasaba. Katika lugha ya jukwaani, mtu aliondoka na mhusika akaingia.

Kisha ngoma zilianza. Wapigaji walifuata mikono ya kiongozi wao, na sauti ikakua hadi mlima ukatetemeka. Zilipokoma, wakuu walijitokeza mmoja mmoja, wakaruka mbele, wakazungumza kwa kasi huku wakiinua fimbo za ngoma, wakiapa kwamba kama watampa adui kisogo, mfalme awakate vichwa. Baada ya hapo kila mmoja alipiga magoti na kumnyooshea mfalme fimbo zake ili aziguse. Aliyekosekana alijulikana. Kwa nchi isiyo na daftari la askari wala kituo cha polisi, ulikuwa utaratibu wenye akili nyingi: ukaguzi, kiapo na burudani kwa wakati mmoja.

Palikuwapo pia bendi. Wanaume 16, wengi wakipuliza mabomba yaliyounganishwa vipande kwa vipande huku mwendo ukiwekwa kwa ngoma za mkono, walitembea mbele na nyuma kwa mpangilio uliomkumbusha Speke bendi za jeshi la Kituruki. Wageni walipofikia sikukuu ya Krismasi, Rumanyika alisikia kwamba ni siku ya karamu kwa Waingereza, akawapelekea ng'ombe mzima. Naye alipokea zawadi zake: koti la Kizungu, nguo nyekundu ya sufu, nyaya za shaba na shanga za aina mbalimbali. Ukiangalia orodha hiyo utaona kwamba Speke alikuwa amemwelewa mwenyeji wake. Karibu kila kitu kilikuwa cha kuvaa.

Bahati mbaya, msomaji wa Ulaya alikumbuka mambo mengine. Kitabu cha Speke kilichotoka mwaka 1863 kilipata umaarufu kwa kurasa zinazoeleza wake wa ukoo wa kifalme walioneneshwa kwa maziwa, ambao mwandishi huyo hakuona haya kumpima mmoja wao kwa utepe, mkono, kifua na paja, kana kwamba alikuwa akinunua mfugo. Kibaya zaidi, alijenga dhana kwamba Bahinda ni wageni wa asili ya Ethiopia, watu bora kuliko waliowatawala. Hakuwa na ushahidi. Dhana hiyo baadaye ilikua, ikaingia katika siasa za wakoloni, na madhara yake katika nchi jirani ya Rwanda yanafahamika. Wanahistoria wameitupilia mbali. Mtanzania Israel Katoke, katika kitabu chake juu ya ufalme wa Karagwe kilichotoka mwaka 1975, aliuandika upya ufalme huu kutokana na masimulizi ya wenyewe, na hiyo ndiyo njia iliyostahili kufuatwa tangu mwanzo.

Lakini Speke huyo huyo ametuachia pia maswali ya Rumanyika, na katika hayo mfalme anaonekana mtu wa fikra. Alitaka kujua kama jua linalochomoza leo ni lile lile la jana au kila siku huja jipya. Aliuliza kama mwezi hubadilisha sura ili kuwacheka wanadamu. Si swali la ajabu kwa mtu ambaye kila mwezi ulipobadili sura naye alibadili yake.

Palikuwa na ombi jingine, zito zaidi. Rumanyika alimwomba mgeni wake dawa ya kumuua Rogero. Alieleza madhila yote aliyoyapata kwa ndugu huyo. Speke hakuwa na dawa ya namna hiyo. Hapa ndipo taji, shada na ndevu nyeupe zinapopata uzito wake. Miaka kadhaa baada ya kuinyanyua ile ngoma, mtu aliyeonekana mtulivu kuliko wote katika ua ule alikuwa bado hajalala usingizi.

Speke aliondoka Januari 1862 kwenda Buganda alikoitwa na Kabaka Mutesa, na Julai mwaka huo akafika mahali mto Nile unapotoka ziwani. Grant alibaki Karagwe hadi Aprili kwa ugonjwa wa mguu, akitunzwa na mwenyeji wake. Ndiye aliyelilinganisha ziwa la chini ya ikulu na ziwa Windermere la Uingereza, na jina hilo likaandikwa katika ramani za wazungu, kama vile wakazi hawakuwa na la kwao.

Mgeni mwingine mashuhuri alikuwa Henry Morton Stanley, aliyefika mwanzoni mwa mwaka 1876. Rumanyika alikuwa mtu mzima sasa, na Stanley, ambaye hakuzoea kumsifu mtu, alivutiwa na upole wake. Palipangwa mashindano ya mitumbwi ziwani, mashua ya Stanley iitwayo Lady Alice dhidi ya mitumbwi ya mfalme, na umati ukajaa mlimani kutazama. Rumanyika alishuka kwa miguu akiwa na joho jekundu begani, bangili nzito za shaba mikononi, vikuku vya shaba vilivyofunika vifundo vya miguu na fimbo ndefu mkononi. Mtu aliyebeba chuma kingi kiasi hicho hawezi kutembea haraka. Hana budi kwenda hatua moja moja, pana na ya taratibu, na bila shaka hilo lilikuwa sehemu ya hesabu. Vazi zuri la jukwaani humfundisha mvaaji namna ya kutembea.

Stanley aliruhusiwa pia kuingia katika nyumba ya hazina, nyumba ya msonge ambayo kwa lugha ya leo tungeiita makumbusho. Humo mlikuwa na sanamu za bata za shaba nyeupe zenye mabawa ya shaba nyekundu, sanamu za pofu, na ng'ombe wa shaba wasio na vichwa. Mlikuwa na mikuki ya kila namna, mingine yenye mpini na ubavu vilivyofuliwa kwa pamoja, mapanga mapana yenye makali, usinga wenye mpini wa chuma, vikombe na vyombo vya maziwa vya mti, na nguo za nyuzi za majani zilizofumwa kwa rangi nyeusi na nyekundu. Bunduki aliyoachiwa na Speke ilikuwamo pia, imetunzwa kama kifaa kingine chochote cha ghala la onyesho.

Ni hapa panapofaa kuwakumbuka ambao hakuna msafiri aliyeyaandika majina yao. Ufuaji wa chuma katika nchi hii ni wa kale sana, na nyundo na fuawe vilikuwa alama za ufalme sawa na ngoma. Mhunzi aliyefua ng'ombe wa chuma mwenye pembe ndefu kuliko mwili wake, mshona shanga aliyetengeneza soksi za mfalme kwa vidole na uzi, mtu aliyezifunga ndevu nyeupe kwenye mkanda wake: hao ndio waliokuwa nyuma ya pazia. Speke na Grant walichora mengi na kupima mengi. Fundi hawakumuuliza jina.

Rumanyika hakuishi miaka mingi baada ya ziara ya Stanley. Alipofariki, kile alichokizuia kwa muda wote ule kilitokea. Ndugu na wana waligombania kiti, wengi waliuawa, na watawala wakapishana kwa haraka. Hapakuwa na mtu wa kulivaa vazi lile likamkaa. Mwaka 1889 Stanley alipovuka tena mto Kagera kutoka Ankole, safari hii akiwa na Emin Pasha, aliipita Karagwe kwenye chemchemi za maji moto za Mtagata, akakuta nchi iliyodhoofika chini ya mjukuu aliyeitwa Ndagara. Mwaka uliofuata Wajerumani walianzisha kituo chao Bukoba. Katika miaka hiyo hiyo ya 1890 sotoka ilifyeka ng'ombe wa ukanda huu wote, na kwa ufalme uliosimama juu ya ng'ombe pigo hilo lilikuwa kubwa kuliko la bunduki.

Kituo cha Kafuro kilikufa. Hazina ya Bweranyange ilitawanyika, na baadhi ya vifaa vya chuma vya ufalme wa Karagwe, wakiwemo ng'ombe wale wenye pembe ndefu, viliishia katika makumbusho ya Ujerumani, mjini Stuttgart. Huko huwekwa nyuma ya kioo, katika mwanga mzuri, vikisifiwa kama kazi za sanaa. Sifa hizo ni za haki. Lakini vilitengenezwa viwe karibu na mfalme aliyevaa, penye ngoma na watu wanaoapa, na mtoto wa Kyerwa au Karagwe anayetaka kuviona anahitaji viza. Mjadala wa kurudisha mali za kale za Afrika umepamba moto katika miaka ya karibuni, na vifaa vya Karagwe vinastahili kutajwa ndani yake kwa jina.

Utawala wa Bahinda uliendelea kwa kivuli chini ya Wajerumani na kisha Waingereza. Mzao mwingine alitawala kwa jina lile lile la Rumanyika katika karne ya 20. Mwaka 1963, baada ya uhuru, serikali ilifuta mamlaka ya machifu nchini kote, na sherehe za ikulu zikakosa ikulu.

Jina ndilo lililobaki kazini. Pori la akiba katika milima iliyo juu ya Bweranyange liliitwa kwa miaka mingi Rumanyika Orugundu, jina lake kamili. Lilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2019, Orugundu liliachwa na mahali pake pakawekwa Karagwe.